Funga Inveta

2 Machi

Mdogo wangu,

Najua ungeanza na shikamoo, kwa hiyo marahaba, tuendelee. Sisi tupo. Mama anakula, analala, anabishana na redio. Shangazi amewekewa meno ya bandia na sasa anacheka hata mahali pasipo na kichekesho, ili tu yaonekane.

Mvua haijaacha tangu katikati ya mwezi uliopita. Zile paneli ulizotuwekea juu ya bati kabla hujaondoka zinaoga tu, jua hazilioni. Betri zinakufa kabla ya jioni kuingia, na ile inveta ya ukutani inayogeuza umeme wake uwe wa nyumba haina cha kugeuza. Nina sare za shule themanini za kushona na cherehani ya umeme imekuwa meza ya kuwekea chai.

Ila kuna neema. Mpangaji wa chumba cha uani amehama na hakuweza kubeba kila kitu, akatuachia jenereta yake ndogo, ile ya kubebwa kwa mpini mmoja. Inanguruma kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake, lakini inawaka. Fundi redio wa pale kona anasema ataiunganisha na umeme wa nyumba kwa nusu saa. Ana waya wake. Upande mmoja unaingia kwenye jenereta, upande wa pili kwenye soketi ya sebuleni, na nyumba nzima inapata.

Nikamwambia, "Ngoja. Nina mdogo wangu anakula na kulala na majenereta. Nimuulize kwanza."

Akasema, "Mdogo wako ni fundi?"

Nikasema, "Anabeba waya."

Akacheka. Nimemwacha acheke.

Niandikie namna iliyo salama. Mama anauliza utakuja lini. Nami nauliza.

Dada yako


19 Machi

Dada,

Shikamoo, hata kama umeshaitika. Barua yako nimeipata jana. Imekaa wiki mbili kwenye lori la saruji na inanuka dizeli. Nimeisoma mara tatu, ya mwisho kwa sauti, maana huku machimboni simu hazishiki na barua ya mtu mmoja ni ya chumba kizima. Tuko wanane. Wote sasa wanayajua meno ya Shangazi.

Mimi ni mzima isipokuwa mgongo. Wiki hii tumevuta waya mpya kutoka kwenye jenereta kubwa hadi kwenye mashine ya kusaga mawe, mita mia nne, yote begani. Ukilala unaota bado umeubeba.

Dereva anapiga honi, kwa hiyo nasema mawili tu. La kwanza, jenereta ikae nje, mbali na madirisha na milango, mahali ambapo mvua haiipigi. Usiiweke jikoni wala kwenye korido ati isiibwe. Moshi wake unaua mtu aliyelala bila hata kumkohoza. La pili, na hili usilisahau hata ukisahau mengine yote: kabla ya kuwasha jenereta, funga inveta. Hakikisha imefungwa. Inveta na jenereta ni mafahali wawili, na unajua habari ya mafahali wawili na zizi moja.

Waya wa huyo fundi sijauelewa. Nitauliza.

Msalimie Mama.

Mdogo wako


24 Machi

Dada,

Shikamoo, na leo sina salamu nyingine. Usiguse jenereta. Kama hamjaiunganisha, msiiunganishe. Kama mmeshaiunganisha, izime, kisha endelea kusoma.

Leo asubuhi pampu yetu ya kutoa maji shimoni iliziba kwa matope. Ni pampu inayojiwasha yenyewe maji yakijaa. Msimamizi akauliza kutoka juu, "Pampu imefungwa?" Alitaka kujua kama imezimwa. Mwenzetu tunayemwita Kimya, ambaye alikuwa ametoka kukaza nati zake za mwisho, akajibu, "Imefungwa, mzee. Hata tembo haing'oi." Basi msimamizi akanituma nikatoe matope mdomoni mwake. Nilinyoosha mkono. Ilipoanza kuzunguka nilikuwa nimebakiza shubiri moja.

Nilikaa chini kwenye maji. Wenzangu walidhani ninauwaza mkono wangu. Haikuwa hivyo. Niliiona barua yangu. Nimekuandikia "funga inveta, hakikisha imefungwa," na mimi nilitaka kusema izime. Na inveta yenu imefungwa ukutani kwa skrubu nne tangu siku niliyoifunga mimi mwenyewe.

IZIME. Ina kitufe chekundu ubavuni.

Nimemweleza fundi umeme wetu ule waya wa fundi redio wako. Aliacha kula. Anasema waya huo wanauita dumedume, kwa sababu una plagi dume pande zote mbili. Ukichomeka upande mmoja kwenye jenereta inayowaka, zile pini za upande wa pili ziko wazi hewani na umeme wake kamili, zinamsubiri mtu. Na ukizichomeka ukutani huku inveta inawaka, umeme wa jenereta unaingia kwenye mdomo uleule ambao inveta inatolea wake. Zinapigana humo, na uwanja ni nyumba yenu.

Ukitaka kushona, vuta waya wa kawaida kutoka kwenye jenereta kule nje hadi kwenye cherehani yenyewe. Umeme wa nyumba usiuguse hata kidogo.

Mvua imebomoa daraja la chini na lori halipiti. Mpishi wetu anaondoka kesho kwa miguu, na ameahidi kuvuka na barua hii ndani ya kofia. Sijawahi kumwombea mpishi kama ninavyomwombea huyu.

Mdogo wako


6 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Usishangae mwandiko. Anayeandika ni fundi redio, mimi nasema tu, maana nina kazi nyingi ya mikono.

Kwanza, hatujambo. Mama ameongezeka kidogo mwili. Shangazi amepoteza meno siku mbili na kuyakuta kwenye mfuko wa aproni.

Barua yako ya kwanza ilifika tarehe ishirini na nane mwezi uliopita. Ya pili imefika jana, imelowa, lakini inasomeka. Umeona tofauti ya siku hizo.

Tuliisoma ile ya kwanza pamoja, mimi na fundi, tukaifuata kama dawa. Jenereta tukaiweka uani mbali na madirisha, chini ya kipande cha bati. Kisha akasoma, funga inveta. Akainuka, akaishika, akaitikisa. Akasema, "Hii imefungwa vizuri sana." Nikamwambia, "Aliifunga mwenyewe, yule hana mchezo." Tukaridhika. Tuliona umetuomba jambo dogo ambalo tayari lilikuwa limefanyika.

Alipochomeka ule waya na kuwasha, taa ziling'aa ghafla kama macho ya mtu aliyekanyaga nyoka. Kisha inveta ikalia, pu, ukafuata moshi na harufu ya nywele zinazoungua. Waya ukachomolewa. Nyumba haikushika moto. Hakuna aliyekufa. Mama alikuwa kwa Shangazi.

Inveta ameichukua fundi akabadilishe vipuri vilivyoungua. Anasema amejifunza. Hapa ameacha kuandika kidogo, nimemwambia andika.

Usijilaumu kwa neno lile. Wote tunalitumia hivyohivyo. Hata mwaka juzi uliandika kwamba unafunga safari ya kuja nyumbani, na sasa ndipo naelewa ulimaanisha nini.

Dada yako


22 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako sikuicheka, hata pale pa safari.

Umeeleza nani aliwasha, nani alitikisa, nani alisoma. Ukifika mahali pamoja unasema "waya ukachomolewa." Nani alichomoa? Tangu nijue kusoma hujawahi kumpa mtu akuandikie. Ulipokuwa na homa ile ya wiki tatu uliniandikia umelala chali na wino ukimwagikia shuka. Ni mkono gani, Dada?

Dereva anakuletea mzigo mdogo uliofungwa kwa gunia. Ni swichi ya kubadilisha. Ilitolewa kwenye kibanda kilichobomolewa, fundi umeme wetu akaipima na kunipa. Ina mpini mmoja. Juu ni sola, chini ni jenereta, katikati hakuna kitu. Haiwezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja hata aishike mwendawazimu. Ukitoka kwa mmoja lazima upite gizani kwanza ndipo umfikie mwingine.

Fundi redio asiiguse. Tafuta fundi umeme wa majumba, mwenye testa yake ya kupimia umeme, na aanze kwa kuzima kila kitu, na betri azitenge. Yeye ndiye ataifunga, na hapa nasema kufunga kwa skrubu. Ikishakaa, utaratibu ni huu. Jenereta iwake kwanza mpini ukiwa katikati, mngurumo utulie, ndipo ushushe mpini. Ukimaliza, rudisha mpini katikati, kisha ndiyo uzime jenereta. Mafuta uongeze ikiwa imezimwa na imepoa. Betri zikitaka kuchajiwa, zichajiwe kwa chaja inayolingana nazo, ichomekwe kwenye jenereta. Usikubali mtu akuambie apeleke umeme wa jenereta kwenye nyaya za paneli. Atakuwa fundi redio mwingine.

Sasa kuna hesabu inanisumbua. Taa sita ndogo na redio haziwezi kuua zile betri kabla ya jioni, hata kwenye mawingu. Nimekaa na fundi tukapiga hesabu nyuma ya mfuko wa saruji, mara mbili. Kuna kitu kinakula umeme mchana na usiku ambacho hujaniandikia. Kama ni friji ya mtu umeihifadhi, sema tu.

Kuhusu kuja, daraja limetengenezwa nusu.

Mdogo wako


10 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwandiko ni wangu. Umepinda, lakini utasoma.

Mkono ni wa kulia. Nilipouona moshi niliuvuta ule waya ukutani, jenereta ikiwa bado inawaka, na zile pini zikanigusa kiganjani. Umeme ulinirusha hadi kwenye cherehani. Kidonda kimefunga. Vidole viwili havijakubali kukunjika. Vifungo vya sare anashona Shangazi, na nakuhakikishia hiyo siyo sifa. Sikutaka uandike barua ya kuomba radhi. Hata sasa usiiandike.

Daraja lililotengenezwa nusu limepitisha lori zima na swichi yako.

Nimempata fundi umeme. Ni mama mmoja mwenye ngazi yake mwenyewe, hamwazimi mtu. Aliingia, akaomba kuuona ule waya kabla hata ya kunywa maji, akatoa koleo na kuukata vipande vinne mbele ya fundi redio. Fundi redio akasema, "Mama, waya huo nimeutumia miaka sita." Akamjibu, "Basi shukuru miaka yote sita, kila mmoja peke yake."

Inveta imerudi na inafanya kazi. Swichi ameifunga kwa skrubu. Amenishikisha mpini kwa mkono wangu wa kushoto mpaka nikazoea, juu, katikati, chini. Nikamwambia ni kama mume wa wake wawili mwenye adabu, anaaga huku ndipo abishe hodi kule. Akasema hajawahi kumwona mume huyo, ila swichi zipo. Ukutani hatukuandika funga wala fungua. Tumeandika WASHA na ZIMA, kwa rangi ya kucha.

Sasa hesabu yako.

Ni feni. Ile ndogo ya chumbani kwako, inayokula moja kwa moja kwenye betri. Inazunguka mchana na usiku tangu Januari. Nilikuwa nimeshaandika hapa kwamba ni kwa sababu ya ukungu, nguo zako zisioze. Nimeichana karatasi hiyo.

Mama anaamini umelala humo ndani.

Si kila siku. Kuna siku anajua kabisa uko mbali, na ndizo siku anazouliza utakuja lini. Siku nyingine anapita mlangoni kwako kwa ncha za vidole na kuniambia, "Punguza hiyo cherehani yako, mwenzio ametoka kazini amechoka." Nikizima feni anaiwasha. Anasema utatoka jasho. Namwambia, "Mama, kuna baridi." Ananiangalia kama mtu asiye na huruma. Wiki iliyopita alinipa kikombe cha chai nikuwekee mlangoni. Nikakiweka. Alipokwenda kuoga nikainywa ile chai palepale nimesimama, asije akakuta kikombe kimejaa.

Ndiyo maana niliitaka jenereta, nikidhani itazijaza betri. Sare ningezishona kwa cherehani ya miguu, ipo, uliiona. Lakini betri zikifa feni inasimama, na feni ikisimama anakwenda kugonga mlango wako. Anagonga polepole. Anasema jina lako. Mimi nakaa sebuleni namsikia.

Sikuandika mapema kwa sababu nilifikiri utakuja na utaona mwenyewe. Halafu nikafikiri nikikuandikia utakuja kwa ajili ya ugonjwa, na mimi nilitaka uje kwa kuwa unataka.

Safari hii sikuulizi lini.

Dada yako


25 Mei

Dada,

Shikamoo.

Barua yako sikuisomea chumba. Waliuliza, nikasema ni mambo ya nyumbani. Kimya akaniletea chakula changu bila kuulizwa.

Niseme ukweli kama ulivyosema wako. Nimepewa likizo mara mbili. Ya kwanza nilimwachia Kimya, mkewe alikuwa amejifungua. Ya pili sikumwachia mtu, niliikataa tu. Nilimwambia msimamizi nataka kazi ya ziada. Haikuwa hivyo. Niliogopa kufika nikakuta mmezoea kukaa bila mimi. Nilikuwa naona chumba changu kimejaa marobota ya vitambaa vyako, na nyinyi mnanikaribisha kwenye kiti kizuri na kuniuliza nitakaa siku ngapi. Kila nilipofikiria swali hilo mguu uligoma. Miaka minne nimebeba waya wa watu na kuogopa kiti.

Nimekwenda kwa msimamizi leo. Akauliza sababu, nikamwambia mama yangu ananisubiri niamke. Hakuelewa, lakini amesaini.

Mkono wako sitauombea radhi, umekataza. Nitashona vifungo mpaka vidole vyako vikubali. Shangazi apumzishwe.

Feni iache izunguke. Siku jua likikosekana, washa jenereta kwa utaratibu ule, chaji betri, hata kama ni kwa ajili ya feni peke yake. Usihesabu mafuta.

Barua hii inaondoka na lori la kesho. Mimi naondoka na linalofuata, na hata likichelewa nitakuwa hapo asubuhi ya tarehe ishirini Juni. Usimwambie Mama nakuja, atakwenda kunitazamia barabarani na siku hiyo inaweza kuwa moja ya zile anazojua niko chumbani. Ikiwa ni siku ya kujua niko mbali, sawa, nitabisha hodi mbele kama mtu aliyetoka safari. Wewe ndiye utakayeniambia. Nikifika nitasimama uani, karibu na jenereta, nikusubiri utoke.

Na kama ni ile siku nyingine, mweke jikoni kidogo umshughulishe. Nitapita nyuma, niingie chumbani, nivue viatu, nikae kitandani mpaka jasho la njiani linikauke. Akikuambia mtoto amelala, usibishane naye. Mwambie ndiyo Mama, alichoka sana, lakini nasikia kama ameanza kujigeuza.

Halafu nitatoka nimwamkie.

Mdogo wako